Wachukuzi Wamegoma, Pasi Imegoma

Mara ngapi tumesema pasi imegoma, gari limegoma, punda kagoma? Ndilo neno hilo hilo tunaloandika katika insha juu ya Kuli ya Adam Shafi (1979): "wachukuzi wakagoma." Hapo ndipo uhakiki wetu unapoteleza. Kinachogoma, kwa maneno ya mtaani, kimeharibika au kina ukaidi tu; hakina hoja. Basi mgomo wa Unguja wa 1948 tunausoma kama hasira iliyolipuka ghafla, tunaupa mistari miwili chini ya "dhamira ya ukombozi", tumemaliza!

Lakini Rashidi hagomi kama pasi. Mwandishi anatupitisha kwanza kwenye mizigo, ujira mdogo na mazungumzo ya mtu kumzindua mwenzake. Kwa maoni yangu neno linalobeba safari hiyo ni kudai. Anayedai ana deni lake, kila mwenye duka analijua hilo. Kususa ni kwa mtoto aliyenuna mbele ya sahani, ingawa kususia bidhaa kumelipandisha cheo.

Halafu jamani, gari likigoma tunamwita fundi atafute sababu. Sisi tukigoma kwa sababu bumu limechelewa, huitwa nani? Si fundi.

Wenzangu mnaojiandaa na mtihani wa riwaya, hesabuni kurasa zinazoutangulia mgomo katika Kuli, kisha mniambie kama "ghafla" bado linafaa.