Kusadikika na Masomo ya Jumla katika Vyuo vya Wananchi

Katika makala hii tunakusudia kuyapima masomo ya jumla ya mwanzo yatolewayo katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Kipimo chetu ni kitabu cha mwandishi aliyezaliwa Vibambani, karibu na mji wa Tanga: Kusadikika cha Shaaban Robert (1909–1962), kilichochapishwa mwaka 1951. Huenda msomaji akaona kuwa mambo haya mawili hayana undugu. Sisi twaona yana undugu wa karibu, kwa kuwa kisa chote cha Kusadikika ni kesi ya mtu aliyeshtakiwa kwa kuanzisha somo.

Vyuo hivyo vilianzishwa Tanzania Bara mwaka 1975, kwa kufuata mfano wa vyuo vya umma vilivyoanza Denmark mwaka 1844 na kuingia Sweden mwaka 1868. Katika Mkoa wa Tanga tunavyo Handeni, na Kiwanda wilayani Muheza. Shabaha yake ilikuwa kumpa mtu mzima elimu ya kumfaa yeye na jamaa zake, bila ya kumchuja kwa mitihani. Kwa hiyo, kando ya useremala, ushonaji na kilimo, yaliwekwa masomo ya jumla kama vile siasa, uchumi na utamaduni.

Wako wanaodhani kuwa masomo hayo ni pambo tu, na kwamba kazi halisi ya chuo ni ufundi. Mwanafunzi naye huuliza: somo hili litanipatia kazi gani? Swali hilo ni la haki, wala hapana budi kulijibu kwa heshima, kwani aulizaye ana watoto wa kulisha. Katika miaka ya karibuni vyuo hivi vimekuwa vikifundisha pia ufundi stadi kwa mitaala ya VETA, na mwenye cheti cha fundi ana jambo la kumwonyesha mwajiri. Lakini muda wa darasa ni mmoja, na unapopungua, somo lisilo na cheti ndilo hupunjwa kwanza.

Sasa tumtazame Karama. Waziri Majivuno anamshtaki mbele ya mfalme kwa kosa la kufundisha uanasheria katika nchi ya Kusadikika. Karama anajitetea kwa muda wa siku sita, na kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja aliyetumwa mbali kutafuta mambo ya manufaa, akarudi nayo, kisha akatiwa gerezani badala ya kushukuriwa. Mwandishi anatuonyesha kwamba nchi ile haikukosa maarifa. Ilikosa watu wenye uwezo wa kuuliza kwa nini maarifa yale yalikataliwa. Lau Karama angalianzisha darasa la useremala, Majivuno asingalikuwa na neno. Pengine angalimwagiza viti. Alichokiogopa ni raia ajuaye haki yake.

Hata hivyo, isidhaniwe kuwa kila somo la jumla humkomboa mtu. Katika miaka ya 1890 serikali ya Wajerumani ilifungua shule mjini Tanga, ikafundisha kusoma, kuandika na hesabu. Masomo hayo kwa majina ni yale yale tunayoyasifu leo. Lakini yalikusudiwa kutoa makarani, wakalimani na watumishi wa chini wa utawala wa kigeni. Herufi zilikuwa zile zile. Tofauti ilikuwa katika kusudi. Basi haitoshi mkuu wa chuo kutuonyesha ratiba yenye somo la uraia. Tutamuuliza: katika kipindi hicho mwanafunzi huuliza maswali, au hunakili ubaoni tu?

Hapa ndipo tunapokiona pia kipungufu cha Kusadikika. Wajumbe na Karama ni mashujaa wanaopambana kila mmoja peke yake. Umati unasikiliza tu, na hukumu inatoka kwa mfalme. Haki inapatikana kwa sababu mfalme amekubali kusadiki. Wananchi hawasemi. Wazo la vyuo vya wananchi, likitekelezwa ipasavyo, linakwenda mbele zaidi ya kitabu: linamchukua mwanafunzi kuwa mtu mwenye maarifa tayari. Mvuvi wa Pangani ajuaye majira ya pepo na bamvua, au mama wa Handeni aliyeongoza kikundi cha akiba, haji darasani kama debe tupu. Anakuja kujadiliana na wenzake, na mwalimu ni mmoja wao.

Wala ufundi na masomo ya jumla si maadui. Fundi cherehani asiyeweza kukadiria gharama ya kitambaa, uzi na saa zake hushona kwa hasara. Seremala asiyeweza kusoma mkataba hutia sahihi hasara yake mwenyewe. Mkulima asiyejua sheria ya ardhi anaweza kulipoteza shamba alilolilima kwa ustadi mkubwa. Ustadi wa mkono huzaa mali. Ujuzi wa mambo ya jumla humwezesha mwenye mali kuilinda.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa walimu: Kusadikika kisomwe katika vyuo hivi kwa sauti, siku sita za utetezi zigawanywe katika vipindi sita, na baada ya kila kipindi wanafunzi watoe hukumu yao kabla ya kuisoma ya mfalme. Nanyi vijana wa sekondari mnaokisoma mjiulize, je, katika mji wenu ni somo gani ambalo mtu angeshtakiwa kwa kulifundisha? Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Raia ajuaye haki yake naye huundwa, na vipindi tunavyovipunguza ndiyo mbao zake.