Kipimo cha kuvuta

Triko, kitambaa kinachovutika, humuumbua fundi mwenye haraka. Ikikatwa ikiwa imevutika, itajirudi na gauni litabana. Ikisukumwa ovyo chini ya sindano, mshono utapiga mawimbi. Mafundi wengi wa Butembo hushona vikwembe siku nzima, kitambaa kinachotulia pale unapokiweka. Lakini mama fundi mmoja wa komuni ya Kimemi, mjini humo, amekubali kushona triko ya pamba, nyepesi, kwa dada mmoja, mteja wake anayeishi Beni, ambako joto ni kali kuliko hapa juu milimani. Dada anataka gauni la kila siku, la kwenda sokoni na kukaa nyumbani.

Kazi inaanza na maji. Pamba iliyofumwa hurudi inapofuliwa, na mama anataka irudi sasa, kabla ya makasi. Anaifua, anaikamua bila kuisokota, kisha anaitandaza juu ya mkeka. Kwenye kamba haiendi, kwa sababu uzito wa maji ungeivuta iwe ndefu.

Inapokauka, anafungua patroni. Imetoka katika gazeti kuukuu la Burda, ambalo Aenne Burda alilianzisha Ujerumani mwaka 1950. Karatasi moja imebeba nguo nyingi, mistari yake imepandana, na kila nguo ina alama zake. Mama anafuata mstari mmoja kwa kidole mpaka mwisho, ndipo anaunakili kwenye karatasi nyingine. Patroni hizi hazina nafasi ya mshono, kwa hiyo anaongeza sentimita moja kuzunguka kila kipande.

Sasa linakuja jambo linalohitaji akili. Patroni ilichorwa kwa kitambaa kisichovutika: ina zipu mgongoni na mikunjo ya kubana kifuani. Mama anashika sentimita 10 za triko, anaivuta taratibu kando ya rula, inafika 13. Anaiachia, anatazama kama inarudi yote. Imerudi. Basi zipu haina kazi, kichwa kitapita. Mkunjo wa kifua unapunguzwa, na ubavu unaingizwa ndani kidogo. Mistari ya mabega na kwapa haigusi. Umbo la zamani linabaki, na mwili unapata nafasi ya kupumua.

Anatandika triko mezani, yote, bila pembe inayoning'inia. Anatafuta safu za vitanzi vya uzi zinazoshuka wima na kulaza patroni sambamba nazo, maana kipande kilichokatwa upande kitajizungusha mwilini baada ya kufuliwa. Makasi ni yale ya kitambaa tu. Karatasi ina makasi yake.

Mashini ni ya kukanyaga kwa miguu, inashona mstari mnyoofu peke yake. Anaweka sindano ya ncha ya mviringo, inayopita kati ya vitanzi bila kuvikata, na uzi wa poliesta. Analegeza uzi wa juu, anajaribu kwenye kipande kilichobaki, anakivuta. Uzi unakatika. Anafupisha hatua ya sindano, anajaribu tena, safari hii akikivuta kitambaa kidogo kwa mikono yote miwili, mbele na nyuma ya sindano, kwa nguvu ileile. Mshono unashika. Hapo ndipo anagusa gauni lenyewe.

Mabega yanashonwa pamoja na utepe mwembamba usiovutika, kwa sababu ndiyo yanayobeba uzito wote. Mikono inaunganishwa gauni likiwa bado bapa, kisha ubavu unafungwa kwa mstari mmoja, kutoka mwisho wa mkono hadi chini. Ukanda wa shingo umekatwa mfupi kuliko shingo yenyewe. Mama anaugawa sehemu nne kwa pini, shingo vilevile, na kila robo ya ukanda anaivuta ifikie mwenzake. Pasi inapopita, inabonyezwa na kuinuliwa, haisuguliwi. Shingo inalala.

"Mama, kesho nitalipata?" dada anauliza kwa simu.

"Kesho litakuwa bado limetundikwa, mwanangu."

Ni kweli. Gauni linalala usiku kucha kwenye hanga ili uzito wake ushuke kabla ya pindo kukatwa. Asubuhi mama anapima kutoka sakafuni, anasawazisha, kisha anashona pindo kwa mkono, uzi ukipishana kama herufi ya X, umelegea kiasi cha kufuata kitambaa kinapovutika. Kwa nje huoni kitu.

Gauni la harusi huvaliwa mara chache. La kila siku hufuliwa kila wiki, na ndilo linalomjua fundi kwa kweli. Ukimpelekea fundi wako triko, mpe siku zake, na ulipe usiku ule wa hanga pia. Nao ni kazi.