Maswali ya Ford, Cheche za Magneto

Kijitabu cha mwongozo ambacho kampuni ya Ford iliwaandalia wenye Model T, gari lililotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, kimetungwa kwa maswali na majibu. Anayeuliza ni mwenye gari, anayejibu ni kiwanda. Kwa upande wa fani, uteuzi huo ni wa busara: wanunuzi wengi walikuwa wakulima wa Marekani waliokaa mbali na gereji, na jibu fupi humfaa mtu mwenye grisi mikononi. Namna ya kuwasha, namna ya kusafisha plagi: hapo muundo unayabeba maudhui bila kulegea.

Kwenye magneto, mtambo unaozalisha umeme wa kuwashia, muundo unashindwa. Sumaku 16 zimefungwa kwenye flaiwili na huzunguka mbele ya koili 16 zisizosogea. Umeme unaozaliwa hapo huenda kwenye koili nne za kisanduku cha mbao, nazo ndizo zinazotoa cheche. Injini ikimisi, mwenye gari haoni lolote kati ya hayo. Ili aulize swali la magneto, sharti awe ameshajua kwamba ubaya uko kwenye magneto, na kulijua hilo ndiko nusu ngumu ya kazi. Muulizaji wa kijitabu ni fundi aliyevalishwa nguo za mwanafunzi.

Mtunzi amejaribu kuliziba pengo kwa orodha inayoanza na dalili: injini haiwaki, injini inazima ghafla. Ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, na ndiyo iliyosukwa vibaya zaidi. Uchafu kwenye nguzo ya magneto, pale umeme wake unapotokea, umetiwa kati ya maji ndani ya petroli na kabureta iliyoganda kwa baridi. Swichi iliyozimwa, jambo la kutazama tu, imewekwa mwisho. Sababu zote ni za kweli, lakini hazina mfuatano.

Mfuatano umo garini. Swichi ina upande wa betri na upande wa magneto. Injini ikitulia kwa betri na kukohoa kwa magneto, basi koili za kisanduku, taima inayozipangia zamu na plagi hazina kosa, kwani zinatumika pande zote mbili. Inabaki njia fupi kutoka sumaku hadi nguzo iliyo juu ya giaboksi. Nyuzi za pamba za bendi za giaboksi, zinazochakaa ndani ya oili ileile ya magneto, hujikusanya chini ya springi ya nguzo hiyo; hufunguliwa, hufutwa, hurudishwa. Ikishindikana, ndipo ishukiwe beringi ya krenkishafti iliyolika na kuiacha flaiwili isogee mbali na koili, au sumaku zilizopungua nguvu. Uchafu na udhaifu wa sumaku vimo kijitabuni, ila hakuna uzi unaoviunganisha.

Ningekihariri, ningeanza na swichi, kisha swali la pili lingemngoja aliyekwisha kulijibu la kwanza. Magari ya kabla ya 1919 hayakuja na betri ya kuwashia, kwa hiyo wenye hayo wangehitaji betri ya kuazima, iliyounganishwa upande wa betri wa swichi na kamwe si kwenye nguzo ya magneto, maana umeme wake huweza kuziua sumaku.