Jina Lisiloandikwa

Maandishi ya Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, yalitungwa na Rudyard Kipling. Yawasifu askari na wapagazi wa Kiafrika wa vita vya 1914–1918, na kuahidi kwamba wana watalikumbuka jina la marehemu. Jina lipi? Juu ya jiwe halimo hata moja. Mjukuu atafutaye kaburi la babu yake mpagazi huambulia sifa tamu, asipate pa kuomba dua. Mwaka 2021 Halmashauri ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakutajwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Basi mtunzi aliwatwika wana mzigo wa serikali. Neno Kariakoo, lililotokana na jeshi la wapagazi, lina ukweli zaidi, nalo halikutungwa na mshairi.