Mikono Inayopima Pumzi ya Seli

Kazi ya kwanza anayopewa mwanafunzi katika shule ya majira ya joto ya fiziolojia ya mitokondria haina mitokondria ndani yake. Ni maji. Anamimina maji safi katika chumba kidogo cha kioo chenye ujazo wa mililita 2 hivi, anawasha kikorogeo, anaacha nafasi ya hewa juu, kisha anakaa akitazama mstari wa oksijeni kwenye kompyuta mpaka utulie. Mstari ukitulia, maji yamechukua oksijeni yote yanayoweza kuibeba kwa joto lile na kwa shinikizo la hewa la mahali pale. Baadaye atatia dithionaiti kidogo, kemikali inayoimaliza oksijeni yote, autazame mstari ukiporomoka hadi sifuri ya kweli. Mtu mwenye shahada mbili, pengine daktari anayetibu watu, anatumia saa nzima kuhakikisha kwamba kifaa kikisema kimejaa, kimejaa kweli, na kikisema hakina kitu, hakina kitu kweli. Mimi naiona hiyo ndiyo shule yenyewe. Mihadhara inaweza kusomwa nyumbani.

Shule za namna hii zina kwao. Mwaka 2003, katika kijiji cha Schröcken kwenye milima ya Alpi, magharibi mwa Austria, watafiti waliunda chama cha fiziolojia ya mitokondria, na desturi ya kuwakusanya vijana wakati wa majira ya joto ikakua humo. Innsbruck, mji wa jimbo la jirani, ndiko kinakotengenezwa kimojawapo cha vifaa vinavyotegemewa sana na wapimaji wa upumuaji wa seli. Kijiji chenyewe kiko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na jambo hilo si pambo la mandhari. Huko juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji hubeba oksijeni kidogo kuliko yangebeba pwani. Asiyesoma kipima shinikizo kabla ya kuanza kazi ameshakosea kabla hajagusa seli hata moja.

Hesabu hiyo inatuhusu sana sisi. Maji ya nyuzijoto 37 yaliyoshiba hewa katika usawa wa bahari, tuseme Mombasa au Dar es Salaam, yana oksijeni ipatayo miligramu 6.7 kwa lita. Nairobi, ambako shinikizo la hewa ni kilopaskali 83 hivi, kiasi hicho hupungua kwa karibu moja ya tano. Mtafiti wa Nairobi akinakili namba ya pwani kutoka kitabuni, kila kipimo chake kitakuzwa kwa zaidi ya asilimia 20, na hakuna kengele itakayolia. Grafu itakuwa nzuri, makala itaandikwa, na kosa litasafiri nayo.

Na kinachopimwa ni nini? Oksijeni unayovuta sasa hivi husafirishwa na damu hadi kwenye seli, na sehemu kubwa mno, kama asilimia 90, huishia ndani ya mitokondria, vyombo vidogo vilivyomo ndani ya seli. Humo, elektroni zilizotokana na chakula hupokezanwa na protini zilizopachikwa kwenye utando wa ndani, na katika kupokezana huko protoni husukumwa upande wa pili wa utando. Mwisho wa safari elektroni hukabidhiwa oksijeni, na maji huundwa. Protoni nazo hurudi kupitia kimeng'enya kinachozunguka kweli, na mzunguko wake ndio unaounda ATP, kemikali inayobeba nishati ambayo moyo, misuli na ubongo huitumia. Mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kukuchorea haya yote ubaoni. Ameyakariri kwa ajili ya mtihani, na ni nadra awe ameiona oksijeni ikipungua mbele ya macho yake.

Siku anayoiona huwa imetanguliwa na kazi nyingi ya vidole. Chukua mfano wa nyuzi za misuli. Daktari ametoa kipande kidogo cha msuli wa paja kwa sindano nene. Kipande kinawekwa katika kimiminika baridi, sahani ikiwa juu ya barafu, na mwanafunzi anashika vibanio viwili vyenye ncha kali na kuanza kuzichambua nyuzi bila kuzikata. Akivuta kwa pupa zinavunjika; akichelewa sana zinachoka. Hapo mwalimu hatazami saa, anatazama rangi. Nyama inayoanza ikiwa nyekundu hupauka kadiri nyuzi zinavyoachana, na isipopauka dawa itakayofuata haitapenya. Dawa hiyo ni saponini, kitu kitokacho kwenye mimea na chenye tabia ya sabuni. Hutoboa utando wa nje wa seli kwa sababu hushikana na kolesteroli, ambayo utando huo unayo kwa wingi. Mitokondria, yenye kolesteroli kidogo, husalimika. Ila dozi ikizidi, au muda ukizidi, nayo huumia.

Kisha inakuja mizani. Nyuzi zilizolowa zinaguswa kwenye karatasi inayofyonza maji kabla ya kupimwa uzito, na uzito wenyewe ni miligramu chache tu. Hapo ndipo wanafunzi wawili waliotumia nyama ileile hupata majibu tofauti: mmoja ameigusisha karatasi vizuri, mwingine ameacha tone la maji, na mizani haijui kutofautisha tone na nyama. Hakuna mwongozo uliochapishwa unaoweza kukueleza mguso huo sawasawa. Unamtazama anayejua, unafanya, anakutazama, anatikisa kichwa, unarudia, kama mwanagenzi yeyote kwa fundi seremala.

Kuna hatua moja ninayoipenda kuliko zote. Nyuzi zikishaanza kupumua ndani ya chumba, mwanafunzi anaongeza saitokromu c, protini ndogo ambayo kwa kawaida hukaa kati ya tando mbili za mitokondria. Kama utando wa nje ni mzima, protini ile ya kuongezwa haipati pa kuingilia na upumuaji haubadiliki sana. Kama umechanika, ile ya asili ilishavuja, na hii mpya inaziba pengo lake, kwa hiyo upumuaji unapanda ghafla. Mstari ukipanda, darasa zima linajua kwamba mitokondria ilijeruhiwa wakati wa kuandaliwa. Jaribio limemshtaki fundi mwenyewe, tena kwa namba. Sijui ni taaluma ngapi zenye ujasiri wa kuweka shahidi wa namna hiyo katikati ya kazi zao za kila siku.

Kwamba ufundi huu hupita kutoka mkono hadi mkono, mwanabiokemia Hans Krebs alilieleza vizuri kuliko wengi. Alifanya kazi Berlin kwa Otto Warburg, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1931, na ambaye alikuwa akipima upumuaji wa vipande vyembamba vya tishu kwa kufuatilia mabadiliko ya shinikizo la gesi katika mirija ya kioo. Mwaka 1933 Wanazi walimfukuza Krebs kazini Freiburg kwa sababu ya Uyahudi wake. Akakimbilia Cambridge, na katika mizigo yake vilikuwemo vipimo vya namna ile ya Warburg. Miaka minne baadaye, akiwa Sheffield, alitumia misuli ya kifua cha njiwa kuufichua mzunguko wa kemikali ambao leo una jina lake. Mwaka 1967, tuzo yake mwenyewe ya Nobel ikiwa kabatini tangu 1953, aliandika makala katika jarida la Nature akitaja silsila ya walimu wake: Warburg alifunzwa na Emil Fischer, Fischer na Adolf von Baeyer, na kuendelea nyuma hadi wanakemia wa Ufaransa wa enzi za Napoleon. Hoja yake ilikuwa kwamba mwanasayansi hutengenezwa na mwalimu anayefanya naye kazi karibu.

Historia hii imewaenzi wenye mawazo zaidi ya wenye mikono. Peter Mitchell alitangaza mwaka 1961 kwamba nishati huhifadhiwa katika tofauti ya protoni kati ya pande mbili za utando, wakati wakubwa wa fani walikuwa wakisaka kemikali ya kati ambayo haikuwepo. Alipata Nobel peke yake mwaka 1978. Lakini pale Glynn House, jumba la mashambani huko Cornwall walilolifanya maabara, mwenzake Jennifer Moyle ndiye aliyekuwa mkono wa majaribio. Walichukua mitokondria ya ini la panya iliyonyimwa oksijeni, wakaitia oksijeni kidogo sana kwa mara moja, wakasoma kiasi cha protoni kilichotoka. Baadaye, mwaka 1976, watafiti Brand, Reynafarje na Lehninger walionyesha kuwa hesabu zao zilikuwa chini kuliko ukweli, kwa kuwa fosfati ilikuwa ikirudi ndani pamoja na protoni na kuzificha. Hilo halimpunguzii Moyle chochote machoni pangu. Wazo la Mitchell lingebaki porojo kama pasingekuwa na mtu wa kulifikisha kwenye kipimo kinachoweza kusahihishwa.

Kwenye meza za shule hizi kuna chupa ndogo ya rotenoni, na Waafrika Mashariki tuna habari na jamaa zake. Wavuvi wa zamani wa mito yetu waliutumia mmea wa utupa: majani yanapondwa, yanatiwa majini, samaki wanaelea. Sheria za uvuvi sasa zimekataza kutumia sumu, na ni haki. Majani hayo yana kemikali za ukoo wa rotenoni, na kazi yake ni moja, kuufunga mlango wa kwanza ambao elektroni huingilia kwenye mnyororo wa mitokondria. Samaki yule hakukosa oksijeni majini. Alikosa uwezo wa kuitumia. Mwanafunzi anaitia rotenoni kwa makusudi, aone ni kiasi gani cha upumuaji kinapitia mlango ule.

Sasa tatizo: rotenoni haipendi maji. Inanata kwenye kizibo na kwenye kuta za chumba, na maji matupu hayaiondoi. Lazima vioshwe kwa ethanoli, tena na tena, kwa muda. Anayeosha kivivu leo anamwachia mwenzake wa kesho sumu isiyoonekana, na yule wa kesho anaweza kuandika kwamba mgonjwa wake ana hitilafu kwenye mlango wa kwanza wa mnyororo, kumbe aliyekuwa na hitilafu ni muosha vyombo. Kwa hiyo kuosha kunafundishwa kwa uzito uleule wa nadharia ya Mitchell, na sioni kama kuna kilichozidishwa hapo.

Vifaa vya Innsbruck ni ghali, na vyuo vyetu vingi haviwezi kuvinunua kesho. Lakini elektrodi iliyomo ndani yake ni ya kizazi kilekile alichokianzisha Leland Clark huko Marekani mwaka 1954. Inasimuliwa kwamba utando wa majaribio yake ya mwanzo aliupata kwenye selofani ya pakiti ya sigara. Elektrodi ya jinsi hiyo imo hadi leo katika vipimo vingi vya oksijeni wanavyotumia wafugaji wa samaki wa mabwawa. Kipimo kama hicho, chupa inayofungika bila kuacha kiputo, sumaku ya kukorogea, hamira ya dukani na maji vuguvugu ya sukari vinatosha kumwonyesha kijana seli zikimaliza oksijeni kwa dakika chache. Hamira iliyochemshwa haitafanya hivyo, na hilo nalo ajionee.

Wakuu wa idara za baiolojia na tiba: likizo ndefu huja kila mwaka na maabara hukaa zimefungwa. Zifungueni wiki mbili. Waleteni vijana wachache, na muwape kipima shinikizo cha mahali penu, si namba ya kitabu. Na fundi sanifu wa maabara, yule anayeitwa tu kifaa kinapoharibika, mpeni darasa hilo alifundishe yeye, na mumlipe kama mwalimu.