Pengo Baina ya Hujja na Natija: Jinsi ya Kuuendea Mtihani wa LSAT

Mtu atakaye kusoma sheria Marekani hana budi kujua kwanza kwamba elimu hiyo huko haiandami sekondari, kama ilivyo Dar es Salaam na Nairobi, bali huja baada ya shahada ya kwanza ya fani yoyote ile, iwe ya historia, ya hesabu au ya kilimo. Na kwa kuwa waombaji hutoka katika vyuo visivyo na mizani moja ya alama, walimu wa sheria waliona haja ya kipimo kimoja cha kumpimia kila mwombaji. Rai hiyo ilitoka Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1945, na mtihani wenyewe, uitwao LSAT, ulifanywa kwa mara ya kwanza mwezi wa Februari 1948. Muradi wake haukuwa kupima ujuzi wa sheria, wala si huo hata leo. Ulikusudiwa kubashiri namna mwanafunzi atakavyoyamudu masomo ya mwaka wa kwanza chuoni, na anayekariri vifungu vya katiba ili aufaulu anajisumbua bure.

Tangu Agosti 2024 mtihani una sehemu nne za dakika 35 kila moja: mbili za mantiki, moja ya ufahamu, na moja ya majaribio isiyohesabiwa, ambayo mtahiniwa haambiwi ni ipi, kwa hiyo hana hiari ila kuzifanya zote kwa bidii ile ile. Alama huanzia 120 na kukomea 180. Jibu la kosa halipunguzi kitu, hivyo kuacha swali tupu ni israfu. Hapo kabla palikuwa na sehemu ya mafumbo ya kupanga watu na vitu kwa masharti, nayo iliondolewa kufuatia mapatano ya mwaka 2019 yaliyoimaliza daawa ya wasioona, madhali mafumbo hayo aghalabu hutatuliwa kwa kuchora, na asiyeona hawezi kupimwa kwa mchoro. Nami nasema kwa yakini kuwa badiliko hili ni la haki, ijapokuwa limewaondolea wengi sehemu iliyokuwa nyepesi kuliko zote kuizoea.

Yaliyobaki, basi, kwa sehemu iliyo kubwa ni mantiki, na hapo ndipo mtahiniwa apaswapo kuzamisha akili yake. Tuchukue hoja ya mfano wa zile ziulizwazo. Mwaka jana maktaba ya mji fulani iliongeza saa zake za jioni. Mwaka huu wanafunzi wa mji huo waliofaulu wamezidi wa mwaka jana. Kwa hiyo kusoma maktabani jioni ndiko kulikozidisha idadi ya waliofaulu. Swali lauliza: ni dhana gani ambayo hoja hii haiwezi kusimama bila yake? Mbele ya mtahiniwa yamo majibu matano, na mojawapo lasema kwamba wote waliofaulu walisoma maktabani kila jioni. Hilo ndilo mtego, kwa sababu linaelekea kuitia hoja nguvu, ilhali hoja haikuhitaji nguvu nyingi kiasi hicho. Jingine, lenye sauti ya chini, lasema kuwa miongoni mwa waliofaulu wamo waliosoma maktabani katika saa zilizoongezwa. Likanushe jibu hili, useme kwamba hakuna hata mmoja aliyefanya hivyo, na papo hapo natija yote huanguka; ulikanushe lile la kwanza, useme kwamba si wote, na hoja haitikisiki. Kipimo hiki cha kukanusha ndicho chombo kikuu cha kazi hii, na mwenye kukizoea hupunguza sana ule wasiwasi wa kubaki na majibu mawili yanayofanana.

Baada ya hapo huja tofauti ya sharti la lazima na sharti la kutosha, ambayo imewaangusha wengi wenye akili nzuri. Chuo kisemapo kwamba asiye na shahada ya kwanza hapokewi, hakikusema kuwa aliye nayo atapokewa. Lakini katika dakika moja na nusu hivi inayoliangukia kila swali, macho yaliyochoka husoma kauli ya pili mahali pa kauli ya kwanza.

Kuhusu namna ya kujizoeza, naona kosa kubwa ni kuimaliza mitihani ya zamani mmoja baada ya mwingine, kama mtu ahesabuye tende badala ya kuzionja. Waufundishao mtihani huu wana njia iliyo bora: fanya karatasi kwa saa, utie alama kila swali ulilolitilia shaka, kisha, kabla hujayatazama majibu sahihi, urudie maswali hayo bila saa, ukieleza kwa maandishi kwa nini kila moja ya yale majibu manne uliyoyakataa halifai. Hapo utayajua makosa yaliyotokana na haraka na yale yaliyotokana na kutofahamu, na kila aina ina dawa yake. Makosa ya haraka huisha kwa mazoezi; ya kutofahamu hayaishi hata ukifanya karatasi mia. Na kwa msomaji ambaye Kiingereza si lugha ya mama yake, sehemu ya ufahamu, yenye mafungu manne ya kusoma, lile moja likiwa la makala mawili ya kulinganishwa, yataka miezi ya kusoma hukumu za mahakama na insha nzito, wala hakuna hila iwezayo kushika mahali pa usomaji huo.

Maombi yenyewe hupitia baraza lile lile lisimamialo mtihani, ambalo hukusanya matokeo ya chuo na barua za walimu na kuyapeleka kwa vyuo. Na kwa aliyesoma nje ya Marekani, matokeo hayo sharti yathibitishwe, kazi ambayo haiendi upesi. Vyuo vingi hufungua mlango kwenye Septemba na huamua maombi kadiri yafikavyo, hivyo awahiye hukuta nafasi nyingi bado wazi. Barua na itoke kwa mwalimu aliyeisoma kazi yako na kuisahihisha, si kwa mtu mwenye cheo asiyekujua.

Ama insha ya mwombaji, ingefaa aipime kwa kipimo kile kile alichofundishwa na mtihani. Aandikaye kwamba ameipenda haki tangu utotoni na kwa hiyo atakuwa wakili mwema, ameacha pengo pana baina ya hujja na natija. Lakini aliyekaa katika Baraza la Kata akisikiliza mgogoro wa mpaka wa shamba, akaona jinsi shahidi mmoja alivyogeuza shauri zima, na aeleze alichokisikia, alichokitilia shaka, na swali alilotamani liulizwe siku ile likaachwa.