Mtoto Asiyesema: Tahakiki ya Masimulizi ya Wamisionari kuhusu Shule za Nakivale

Kuna aina ya maandishi ambayo hatuihakiki darasani ingawa imekuwapo Afrika Mashariki kwa zaidi ya karne moja. Ni masimulizi ya mume na mke wamisionari wanaokuja kusaidia shule za vijijini, kisha wanawaandikia waumini wa kwao waliyoyaona na kuyafanya. Makala haya yanayachukua masimulizi hayo kama kazi ya sanaa yenye msimulizi, wahusika, mandhari na hadhira, na kuyapima kwa hali ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale na mji wa Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda. Wengi huyalaumu kwa majivuno. Kwa maoni yangu, kasoro kubwa zaidi ni kwamba lugha ya mtoto haimo.

Tuanze na mandhari. Hadithi hizi hupenda njia moja: ndege inatua Entebbe, gari linapita Mbarara kununua madaftari, kisha vumbi mpaka Nakivale, ambako watoto wanasubiri chini ya mti. Mbarara inakuwa duka, Nakivale inakuwa mahali pasipo na jana. Ukweli ni mwingine. Shule ya Ntare ipo Mbarara tangu 1956, na chuo kikuu cha sayansi na teknolojia tangu 1989. Nakivale, iliyoko wilaya ya Isingiro, ilitambuliwa rasmi mwaka 1960, ikiwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza 1959. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Kwa hiyo msimulizi anayeanza hadithi siku aliyofika yeye anawafuta wote waliofundisha hapo kabla yake.

Kwa upande wa wahusika, mume na mke huchorwa kwa ukamilifu: wana wito, wana mashaka, wanaumwa malaria, wanaomba, wanavumilia. Walimu wenyeji ni wahusika bapa. Mtoto ana macho na tabasamu, ila hana kauli. Akipewa nafasi ya kusema, hushukuru. Waswahili walisema asiyekuwapo na lake halipo; huyu yupo kwenye kila picha, na lake bado halipo.

Hapo ndipo suala la lugha linapoingia. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki sawa na raia katika elimu ya msingi. Ni sheria nzuri. Lakini tangu 2007 mtaala wa Uganda unataka madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo, ambayo Isingiro ni Kinyankole. Darasa la nne ni la mpito, kisha Kiingereza kinatawala hadi mtihani wa darasa la saba. Mtoto aliyetoka Kivu anakuja na Kiswahili cha nyumbani na sokoni, pengine na Kifaransa cha shuleni. Darasani havimfai kitu.

Matokeo yake yanajulikana kwa walimu wa makazi hayo. Kijana wa miaka 13 aliyekuwa darasa la sita kwao anarudishwa la tatu au la pili, si kwa sababu hajui kugawanya namba, bali kwa sababu hajui jina la Kiingereza la kugawanya. Anaketi na watoto wanaolingana na wadogo zake. Wengine huona aibu na kuacha. Sasa tuisome barua ya wafadhili: humo kijana huyu ni mtoto mmoja zaidi aliyeandikishwa shule. Tukio lile lile ambalo kwake ni kushushwa, kwa msimulizi ni ushindi, na hakuna uongo uliosemwa.

Upo pia mhusika ambaye masimulizi haya humsahau: mwalimu msaidizi, mara nyingi mkimbizi mwenyewe, anayesimama kando ya mwalimu na kuyapeleka maneno kwa watoto kwa Kiswahili. Posho yake ni ndogo na haina hakika. Dawati hupigwa picha likiwa jipya. Tafsiri haipigwi picha. Ndiyo maana fedha huenda kwenye dawati.

Kasoro hii ina ukoo. Ruth Fisher na mumewe Arthur, wamisionari wa CMS, walifanya kazi Toro na Bunyoro mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1911 Ruth alitoa kitabu, Twilight Tales of the Black Baganda. Jalada linataja Baganda, ilhali ndani mna mapokeo ya Bunyoro na Toro, na walioyaandika kwa ajili yake ni wafalme wawili, Kasagama wa Toro na Duhaga wa Bunyoro. Tunamshukuru kwa kuyahifadhi. Hata hivyo, wenye kauli wamekuwa chanzo, na jina lililobaki kwenye jalada ni lile ambalo msomaji wa London alikwisha kulisikia.

Kiswahili nacho kilipata pigo huko huko. Alexander Mackay, aliyefika Buganda mwaka 1878, alitamani kiwe lugha ya eneo zima. Askofu Alfred Tucker alikipinga, akikiona kiko karibu mno na Uislamu. Si wamisionari wote waliokuwa na mawazo hayo. Krapf na Steere walikitumikia Kiswahili kwa bidii. Lakini Uganda upepo ulivuma upande wa Tucker kwa muda mrefu. Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya 2005, na Julai 2022 ndipo baraza la mawaziri lilipoidhinisha kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mtoto wa Nakivale, anayehesabiwa kuwa hana kitu, amekuja tayari na lugha ambayo serikali inatafuta namna ya kuifundisha.

Mtu atajibu kwamba barua hizi hazikuandikwa ili zihakikiwe, zimeandikwa ili madarasa yajengwe. Na mtoto anayenyeshewa hahitaji nadharia. Jibu hilo lina uzito. Paa ni paa, na anayelijenga anastahili shukrani. Lakini hadithi ndiyo inayoamua kinachofuata baada ya paa. Hadhira iliyosimuliwa madawati itachangia madawati. Ikisimuliwa kwamba darasa zima halimwelewi mwalimu, itaanza kuuliza habari za mwalimu msaidizi, vitabu vya lugha mbili, na mtihani wa kumpanga mtoto darasa kwa lugha anayoijua.

Kwa hiyo tunaposoma masimulizi ya namna hii, tuulize: nani alifundisha hapa kabla ya mgeni? Mtoto anazungumza lugha gani, na imeandikwa wapi? Nani anapata hasara katika kile kinachoitwa mafanikio? Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Nakivale mwenyeji mwenyewe ni mgeni, na hawezi kupona kwa kuzungumziwa tu. Sisi tunaosoma Kiswahili tuna deni zaidi, maana maneno ambayo barua hizo zimeyaacha tunayaelewa bila mkalimani.